Uso Juu, Hadi Mchezo Uishe

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mhariri wa kanuni alikuwa akichonga penseli yake nyekundu juu ya kikapu cha taka. Mama wa usafi alifungua mlango, akasema kuna mtu amekaa kwenye ngazi, amelowa chapachapa, na ameziba vidato vinne peke yake.

Mhariri aliuliza kama ni mteja.

"Mteja sijui. Ana mkia," alisema mama wa usafi. "Na pale nimeshapiga deki mara mbili, mwanangu. Ya tatu sipigi."

Mhariri alimaliza kuchonga, akapuliza unga wa penseli, akatoka. Ofisi nzima ilimwita Nukta, kwa sababu katika miaka mitano ya kazi hakuwahi kuruhusu sentensi ya mtu yeyote itoke ghorofa ya pili kabla haijafungwa sawasawa. Kampuni ilikuwa ya uchapaji. Chini kulikuwa na mitambo iliyochapa kalenda, majalada ya madaftari na barua rasmi. Juu kulikuwa na meza nne, birika la umeme, na mchezo wa kadi ulioifanya kampuni ijulikane: madubwana themanini, kila mmoja kwenye kadi yake, ambao watu walikusanya, wakabadilishana, na kuwapambanisha mezani. Kanuni za mapambano hayo aliziandika Nukta.

Aliyekaa kwenye ngazi alikuwa Mla-Madaraja, kadi namba thelathini na moja, nguvu tisa, ngao tatu. Nukta alimtambua mara moja kwa kuwa alikuwa amesahihisha maelezo yake mara tatu. Alikuwa na rangi ya saruji mbichi, na kipande cha reli ya chuma kilikuwa kimekwama kati ya meno yake ya juu. Alipomwona Nukta alisimama, akainama kwa ajili ya dari, na kwa kuwa alikuwa amechorwa miaka minne tu iliyopita, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba," alisema Nukta.

Mla-Madaraja alikuwa ameshika kijitabu cha kanuni, toleo la tatu, kimelowa kwenye kingo. Alikigeuza, akaonyesha kwa ukucha mstari wa mwisho kwenye jalada la nyuma. Mstari huo ulisema kwamba mwenye swali lolote kuhusu kanuni afike ofisini, ghorofa ya pili, siku za kazi.

"Nina swali," alisema.

Alieleza taratibu, kama mtu aliyepanga maneno yake njiani. Jumamosi mchana alikuwa ameshindwa kwa haki na msichana wa darasa la nne aliyetumia kadi ya Mwavuli. Hakuwa na kinyongo. Msichana alimwondoa mezani kama kanuni inavyotaka, na yeye akaondoka mezani. Alisimama kando akingoja aambiwe kinachofuata. Watoto walikusanya kadi zao wakaenda kula. Jioni mvua ikanyesha, ikamkuta palepale. Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa.

"Kushindwa si neno," alisema Mla-Madaraja. "Nikikwambia ukweli, dada, huwa nashukuru. Madaraja ni mazito. Shida yangu ni baada ya hapo. Naenda wapi?"

Nukta alichukua kijitabu, akafungua kanuni ya kumi na nne, ingawa aliijua kwa kichwa. Ilisema: Dubwana aliyeshindwa huondolewa mezani. Kisha ikaja nukta, na baada ya nukta ikaja kanuni ya kumi na tano, inayohusu namna ya kuchanganya kadi.

Katika matoleo mawili ya mwanzo kulikuwa na sentensi nyingine hapo. Nukta alikumbuka siku aliyoifuta. Vijitabu vile huchapwa juu ya karatasi moja kubwa inayokunjwa mara tatu, ikatoa kurasa kumi na sita, si zaidi. Toleo la tatu lilikuwa limefika kurasa kumi na sita na mistari saba. Mistari saba haiwezi kuongezewa karatasi yake, na ukurasa wa salamu za Meneja, wenye picha yake akiwa ameegemea mtambo, haukuweza kuguswa. Basi Nukta alipita na penseli nyekundu akitafuta maneno ambayo kila mtu anayajua hata yasipoandikwa. Akapata mistari saba. Sentensi ya pili ya kanuni ya kumi na nne ilikuwa mmojawapo. Ilisema mahali pa kumweka aliyeshindwa.

Alimwambia Mla-Madaraja kwamba swali lake ni zuri na litafanyiwa kazi. Akampa kiti. Kiti kikavunjika, akampa ukuta aegemee.

Kufikia Jumatano ukumbi wa ghorofa ya pili ulikuwa umejaa. Vijitabu elfu kadhaa vya toleo la tatu vilikuwa vimeshauzwa, na kila meza mjini iliyochezewa kwa kijitabu hicho ilitoa mtu. Mwenye Macho Tisa alifika na mafua. Joka la Ghalani alikuja amejikunja ili asichukue nafasi ya wenzake, akawekwa juu ya kabati la mafaili. Konokono wa Chuma alianza kupanda ngazi Jumanne saa tatu asubuhi akafika Alhamisi, na madubwana walimsubiri bila mtu kumchukulia nafasi yake kwenye foleni. Hawakuwa wasumbufu. Waliokuwa na mbawa walizikunja. Waliotoa moshi waliutolea dirishani. Mchoraji, ambaye ndiye aliyewachora wote, alipopita kwenda chooni walimsalimu kwa heshima, na Mwenye Macho Tisa akamuuliza kama anaweza kuongezewa kope, maana vumbi la ofisi lilikuwa linamsumbua. Mchoraji alisema ataangalia.

Walichotaka ni kimoja. Walikuwa wamechoka na walitaka kulala, lakini hakuna aliyethubutu kulala mahali ambapo hakuambiwa alale. Nukta alipita katikati yao kila asubuhi, akaona macho yao mekundu, na alijua macho ya namna hiyo. Aliyaona kila siku nyumbani.

Baba yake Nukta alikuwa fundi wa mtambo namba mbili kwa miaka ishirini na sita. Kiwandani waliita mikono yake mizani, kwa sababu aliweza kushika rundo la karatasi akasema idadi yake bila kuhesabu. Miezi minane iliyopita ulikuja mtambo mpya wenye vitufe, na baba akapewa barua. Barua ilikuwa na sentensi moja. Ilisema kwamba kuanzia tarehe moja, ndugu fulani ameondolewa kwenye mtambo namba mbili.

Haikusema aende wapi. Kwa hiyo kila asubuhi baba alivaa ovaroli yake ya buluu, akachukua kopo lake la chakula, akatoka nyumbani pamoja na binti yake kama zamani. Getini Nukta alipanda ngazi, na baba akaenda kukaa juu ya marobota ya karatasi uani, kando ya ghala. Mlinzi hakumzuia kwa sababu hakuwa na maagizo ya kumzuia. Msimamizi hakumpa kazi kwa sababu hakuwa na maagizo ya kumpa. Kengele ya saa kumi na moja ilipolia, alisimama akajikung'uta, wakarudi nyumbani. Usiku hakulala. Alisema huenda wakamwita alfajiri, na si vizuri fundi kukutwa kitandani. Alikuwa amekonda hadi kola ya ovaroli ilimzunguka shingo bila kuigusa.

Kuna jambo ambalo Nukta hakuwa amemwambia mtu. Barua ile ilitokana na mfano mmoja, wenye vitone mahali pa kuandika jina. Mwaka mmoja kabla, Meneja alikuwa amempelekea mfano huo aufupishe ili barua mbili zitoshe kwenye karatasi moja. Ulikuwa na sentensi mbili. Ya pili ilisema: Atapangiwa mahali pengine na atajulishwa. Meneja alisema hilo linaeleweka. Nukta alilifuta, akasogeza mkato mmoja, akaandika chini neno ambalo bila hilo hakuna karatasi iliyopanda mtambo katika kampuni ile: Ichapwe. Akatia sahihi. Baba alipoleta barua yake nyumbani na kuiweka mezani kati ya sahani mbili, Nukta aliutambua mkato kabla ya kulitambua jina.

Ijumaa asubuhi Meneja alimwita. Hakuwa na neno na madubwana wenyewe. Tatizo lake lilikuwa kwamba wakaguzi wa zimamoto wangekuja Jumatatu, na kanuni zao zinataka ngazi iwe wazi. Alimuuliza Nukta itachukua muda gani kuwaondoa.

Nukta alisema hawawezi kuondolewa, kwa kuwa wameshaondolewa. Wanachohitaji ni kuwekwa. Alipendekeza kikaratasi cha masahihisho, ukubwa wa kadi moja, kitiwe ndani ya kila pakiti, kikiwa na sentensi iliyokosekana.

Meneja alifikiri, akakubali, mradi upande wa nyuma uwe na salamu zake kwa kifupi.

Nukta alibaki amesimama. Alikuwa amejiambia tangu usiku kwamba akikubaliwa hilo moja atauliza na la pili. Akasema kwamba kuna sentensi nyingine iliyofutwa namna hiyohiyo, katika mfano wa barua za mafundi, na kwamba ingefaa nayo irudishwe.

"Nukta, usichanganye mambo," alisema Meneja bila ukali. "Hawa madubwana wana mahali pa kuuliza. Tumewaandikia wenyewe mgongoni mwa kitabu, ghorofa ya pili, siku za kazi. Barua ya fundi haina mahali pa kuuliza. Umeona fundi yeyote aliyepanda huku kuuliza?"

Nukta alisema hajaona.

"Basi," alisema Meneja, na akaanza kutafuta picha yake ndogo.

Sentensi ilimchukua Nukta muda hadi saa nne. Kikaratasi kilikuwa kidogo na salamu za Meneja zilikuwa zimetangulia. Aliandika, akafuta, akaenda ukumbini kuwasomea madubwana, akarudi. Konokono wa Chuma aliomba neno "hulazwa" libaki. Joka la Ghalani alitaka ijulikane kama mtu anaruhusiwa kugeuka ubavu. Mla-Madaraja alisikiliza wote, halafu akasema kwamba yeye angependa iandikwe wazi kwamba hakuna wa kumwamsha. Ikakubaliwa hivi: Dubwana aliyeshindwa hulazwa kushoto kwa meza, uso juu, naye hupumzika hadi mchezo uishe. Hakuna anayeruhusiwa kumwamsha kabla ya hapo.

Nukta aliandika chini yake Ichapwe, akashuka.

Kule chini ikagundulika kwamba mtambo mpya hauwezi. Karatasi ndogo kuliko zote uliyoikubali ilikuwa kubwa mara nne ya kadi, na fundi wa vitufe, ambaye alikuwa na adabu na umri wa miaka ishirini na mitatu, alisema anaweza kuujaribu ila atavunja kitu. Kulikuwa na mtambo mmoja tu wa kufanya kazi hiyo, nao ulikuwa wa zamani, wa kanyagio, uliochapa kadi za mialiko enzi hizo. Ulikuwa ghalani chini ya turubai. Aliyejua kuutumia alikuwa juu ya marobota, uani, ameshika kopo lake la chakula magotini.

Nukta alitembea hadi pale. Hakuwa amewahi kumfuata baba yake uani wakati wa kazi.

"Baba, kuna kazi."

Baba aliangalia karatasi, hakuigusa. "Imeidhinishwa?"

"Imeidhinishwa."

Akaisoma hadi chini, akaona neno na sahihi, akaweka kopo kando na kusimama. Magoti yake yalilia kidogo.

Mtambo ulikuwa mzito. Madubwana watatu walishuka kusaidia kuutoa ghalani na kuuingiza karakana, na Mla-Madaraja aliuinua peke yake baada ya wale wawili kusogea. Baba alimwonyesha mahali pa kuuweka, akamshukuru, akaanza kupaka mafuta kwenye vyuma kwa manyoya ya kuku. Mla-Madaraja alichuchumaa pembeni akamtazama.

"Na wewe umeshindwa, mzee?" aliuliza.

"Nimeshindwa."

"Na nani?"

Baba alionyesha kwa kidevu mtambo mpya, uliokuwa ukikoroma upande wa pili wa karakana. "Huyo."

"Ana nguvu ngapi?"

"Karatasi elfu kumi na mbili kwa saa."

Mla-Madaraja alipiga mluzi mdogo kupitia kile kipande cha reli. "Hapo huna lawama," alisema.

"Simlaumu," alisema baba. "Ni mtambo mzuri. Nilichoka, hata nilifurahi kidogo. Nilidhani wataniambia niende wapi."

Nukta alikuwa amesimama nyuma yao ameshika sanduku la herufi za risasi. Alikuwa amelishika tangu mwanzo wa mazungumzo na mikono ilikuwa imeanza kumuuma, lakini hakuliweka chini.

Baba alipanga herufi kwa mkono, moja moja, kutoka kulia, kinyumenyume, kama anayesuka. Alifunga fremu, akaipigapiga kwa nyundo ya mbao, akapaka wino, akaweka mguu kwenye kanyagio. Kikaratasi cha kwanza kilitoka saa sita kasoro dakika kumi. Alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma neno kwa neno, akampa Nukta. Nukta alikisoma neno kwa neno, akampa Mla-Madaraja, aliyekuwa mbele ya foleni.

Mla-Madaraja alisoma polepole. Alipofika mwisho alirudia sentensi ya pili. Kisha alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba marundo mawili ya majalada yaliteleza.

Walichagua meza ya kukatia karatasi kuwa meza. Kushoto kwake kulikuwa na nafasi pana, safi, iliyofagiliwa. Mla-Madaraja alilala hapo chali, akanyoosha mkia, akatazama dari, akafumba macho. Ndani ya dakika mbili alikuwa anakoroma. Ndani ya dakika kumi alikuwa amepungua unene hadi kiwango cha mlango, halafu cha daftari, halafu cha kadi, na alipofika hapo mkoromo wake ulikuwa mdogo kama wa paka. Kipande cha reli kilibaki sakafuni. Mama wa usafi alikiokota, akasema kitafaa kuzuia mlango wa stoo.

Baada yake walilala wengine. Mwenye Macho Tisa alifumba moja baada ya jingine. Joka la Ghalani alilala ubavu kidogo, akajirekebisha mwenyewe. Baba aliendelea kukanyaga, na kila aliyepewa kikaratasi alikisoma hadi mwisho kabla ya kulala, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulala kwa kusikia kwa mwenzake. Saa tisa alasiri ukumbi wa ghorofa ya pili ulikuwa mtupu na ngazi ilikuwa wazi. Mama wa usafi aliwakusanya kwa brashi laini, uso juu, akawapanga kwenye kisanduku cha viatu, akawafunika kwa kitambaa ambacho hakijawahi kushika vumbi. Alipiga deki mara ya tatu bila kuulizwa.

Meneja alishuka saa kumi. Alitazama ngazi, akatazama rundo la vikaratasi, akakigeuza kimoja aone upande wa nyuma. Aliipongeza idara ya uchapaji. Hakumtazama baba, na haikuwa kwa dharau. Jina la baba halikuwa kwenye mtambo wowote, hivyo hapakuwa na mahali pa kumtazamia.

Alipoondoka, kando ya mtambo wa kanyagio walibaki watu wawili. Baba alikuwa anafuta wino kwenye vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya miaka yote. Nukta alisema kwamba kuna jambo anataka kumwambia kuhusu ile barua.

"Najua," alisema baba.

"Unajua nini?"

"Nilikwenda kuutafuta mfano. Fundi hachapiwi barua asiangalie nani kaidhinisha." Aliendelea kufuta kidole cha mwisho. "Niliona sahihi yako, mwanangu. Barua ilikuwa safi. Haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa fupi tu."

Nukta hakulia mara moja. Alikaa kwanza juu ya robota, akaweka sanduku la herufi miguuni, ndipo akalia, bila sauti, kwa muda ambao ungetosha kusoma ukurasa mmoja. Baba alimwacha amalize. Hakumwambia anyamaze wala hakumwambia si kosa lake. Alimpa upande safi wa kitambaa.

Kisha akaenda kwenye fremu, ambayo ilikuwa bado imefungwa mtamboni, akailegeza kidogo mwanzoni mwa mstari. Akatoa neno la kwanza, herufi zake saba, akaziweka kwenye kisahani. Akachagua herufi nyingine tano, akazipanga pale. Akabana kwa parafujo. Hakukanyaga. Aligeuka akamsubiri.

"Imeidhinishwa?" aliuliza.

Nukta alijifuta macho, akainama juu ya fremu na kuisoma kinyumenyume kama alivyofundishwa na yeye huyohuyo akiwa mtoto wa miaka sita. Fundi aliyeshindwa hulazwa kushoto kwa meza, uso juu, naye hupumzika hadi mchezo uishe. Hakuna anayeruhusiwa kumwamsha kabla ya hapo. Akachomoa penseli nyekundu nywelini. Kwenye kipande cha karatasi aliandika Ichapwe, na akatia sahihi ndefu kuliko kawaida yake.

Baba alichapa kimoja. Alikisoma penye mwanga, akakitia kwenye mfuko wa kifua, akaufunga kifungo. Hawakusubiri kengele. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini walipotoka getini, na mlinzi, ambaye hakuwahi kumwona fundi huyo akitoka kabla ya saa kumi na moja, alisimama akafungua geti lote badala ya kilango.

Jumatatu wakaguzi wa zimamoto walikuja wakaridhika. Jumatatu hiyohiyo Meneja alileta majina manne ya mafundi wa mtambo namba tatu, kwa kuwa mtambo mwingine wa vitufe ulikuwa njiani. Nukta alirudisha mfano wa barua ukiwa na sentensi ya pili, kwa wino. Meneja aliikata kwa mstari, kwa sababu barua mbili zilipaswa kutosha kwenye karatasi moja. Nukta alisema hawezi kuandika Ichapwe. Meneja hakukasirika. Aliandika mwenyewe, na alipoandika ilionekana kwamba neno hilo lilikuwa rahisi tu kwa mkono wa mtu yeyote.

Barua nne zilitoka Jumanne. Jumatano asubuhi watu wanne wenye ovaroli za buluu walikuwa wamekaa uani juu ya marobota, makopo yao magotini. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyekuwa akiwagawia wenzake karanga.

Nukta aliwaona kupitia dirisha. Aliweka penseli nywelini, akashuka, akaingia karakana. Fremu ilikuwa bado mtamboni, imefungwa na neno Fundi mwanzoni vilevile. Baba alikuwa amemwonyesha Jumapili, nyumbani, kwa kutumia kigoda, namna ya kuweka mguu. Alichapa vinne. Cha kwanza kilitoka kimepinda, akakirudia. Akavisoma vyote neno kwa neno, akatia sahihi, akatoka navyo uani na kumpa kila mtu chake mkononi. Mwanamke wa karanga alisoma chake hadi mwisho, akakirudia, akafunga kifuniko cha kopo lake. Aliuliza kama kweli hakuna anayeruhusiwa.

"Hakuna," alisema Nukta.

Siku hizi baba analala mchana, kwenye kochi lililo kushoto kwa meza ya chakula, chali, kikaratasi kikiwa kifuani chini ya kiganja. Hulala kuanzia saa tano hadi saa tisa, na katikati ya hapo hupungua unene hadi ukimtazama kutoka mlangoni unaona mstari tu, na kusikia pumzi. Saa tisa huamka akiwa na unene wake wote na zaidi kidogo, akaomba chai. Kola ya shati imeanza tena kumgusa shingo. Wale wengine wanne hulala makwao vivyo hivyo. Kampuni haijawaandikia tena, na mfano wa barua haujabadilika.

Kuna jambo moja tu ambalo Nukta hulikumbuka kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini, hata akiwa amechelewa. Hurudi sebuleni, akafunga dirisha lililo juu ya kochi, akalikaza komeo, kwa sababu ya upepo.